Nimpeleke wapi mama kuona maua, Iringa mpaka Mbeya?

binti_kihesa

Kamwene wadau. Naomba msaada hasa kwa mliozunguka nyanda za juu kusini. Mama yangu ni mwalimu mstaafu na anapenda maua kupita kiasi, yaani uani kwake huwezi kutandika mkeka maana kila ukigeuka kuna kopo lina mche. Mwaka huu nataka nimtembeze, sio Ruaha, tembo ameshawaona, yeye anataka MAUA. Nimewaza tutoke Iringa twende taratibu mpaka Mbeya na Tukuyu, kama wiki hivi, tukipitia bustani za umma na mashamba ya maua yanayoruhusu watu kuingia. Mtu mmoja kaniambia huku kuna mashamba ya mawaridi, mwingine kasema hakuna kitu kama hicho, sasa sijui nimsikilize nani.

Likizo yangu ipo mwezi wa sita ila naweza kuisogeza. Magoti ya mama sio mazuri kwa hiyo habari za kupanda mlima kwa mguu sahauni. Gari tuliyonayo ni IST. Na tafadhali msinijibu Lushoto au Arusha, nataka huku huku kwetu.

mzee_wa_uyole

Ndaga binti, umefanya vizuri kumkumbuka mama. Mimi nimefanya kazi za kilimo huku muda mrefu kwa hiyo nakujibu ninachokijua.

Aliyekwambia mawaridi kachanganya mambo. Yale mashamba makubwa ya waridi la kupeleka Ulaya yapo Arusha na Kilimanjaro, yanalimwa ndani ya vitalu nyumba, na hata ukifika getini huingii hivi hivi. Huku maua yetu mengi hayana uzio wala tiketi, ni shamba la mtu la pareto, la alizeti, la kahawa, na kuliko yote ni Kitulo. Na kila kimoja kina mwezi wake. Kwa hiyo panga mwezi kwanza, njia utaipanga baadaye.

Mwezi wa sita Kitulo usiende kutafuta maua. Ni baridi kali, ukungu, asubuhi unaweza kukuta barafu juu ya majani na nyasi zimeshageuka rangi. Maua yanaanza mvua zikishika, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na kwa macho yangu Januari kwenda Machi ndio penyewe hasa. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Uporoto, Kipengere na Livingstone, udongo wake ni wa majivu ya volkano na mvua haimchezei mtu. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu tangu zamani, Hifadhi ya Taifa imetangazwa 2005 tu, kilomita za mraba kama 413, na ndiyo ya kwanza Afrika ya kitropiki kuanzishwa kwa ajili ya mimea badala ya wanyama. Zimehesabiwa aina 350 hivi za mimea, na humo okidi za ardhini peke yake aina 45. Sio zile okidi za kwenye vyungu hotelini, hizi zinaota chini kwenye nyasi, nyingine fupi mpaka uiname ndo uione, nyeupe, za pinki, za njano. Halafu kwenye majimaji kuna yale maua marefu mekundu yanayoishia rangi ya chungwa, yamesimama kama mienge, hayo mama hata akiwa kwenye gari atayaona.

Na kuhusu magoti usiogope. Juu kule ni tambarare, na kwa kuwa hakuna simba wala tembo mnaruhusiwa kutembea kwa miguu mkiwa na askari. Atatembea hatua mia anapumzika, na kila hatua kuna ua jipya.

konda_wa_zamani

Mzee kamaliza upande wa maua mie niongelee barabara maana hapo ndo watu wanalia.

Dada hako ka-IST kaache Mbeya mjini nakuomba. Kwenda Kitulo kuna njia tatu. Ya kwanza unapandia Chimala, unatoka kwenye joto la Usangu, mpunga huku na huku, unaanza kupanda mlima kwenda Matamba, kona zenyewe ni 57 ndo maana pakaitwa Hamsini na Saba, hakuna aliyehangaika kutafuta jina lingine. Ni njia tamu kwa macho ila gari ya chini wakati wa mvua utalala njiani, na wewe unaenda wakati wa mvua maana maua ndo yapo wakati huo, hapo huna ujanja. Ya pili unatoka Uyole unaifuata barabara ya Tukuyu ukifika Isyonje unakata kushoto, unapita Kikondo unaingia Kitulo. Hii kwa mtu anayekaa Mbeya ndo rahisi, unaenda asubuhi unarudi jioni, na njiani unapita viazi na pareto mpaka unachoka. Ya tatu unazungukia Njombe kwenda Makete, hiyo ni lami mpaka Makete mjini, halafu ndo unapanda Kitulo.

Ushauri wangu kodini gari ya juu yenye dereva wa huko huko, sio dereva wa mjini anayejifanya anajua. Dereva wa Matamba au wa Kikondo akiangalia tope anajua lina kina gani. Na ondokeni mapema sana, mvua ya kule inapenda mchana na ukungu ukishuka hata mbele ya boneti huoni.

Halafu geti la hifadhi hawapokei hela mkononi, wanakupa control namba unalipa kwa simu au kadi, sasa hakikisha salio lipo kwenye simu kabla hujaanza kupanda kwa sababu mtandao kule unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

wa_mufindi

Binti kihesa usipite Mafinga ukiwa umelala jamani. Watu wote wanakimbilia Kitulo kana kwamba huku hatupo.

Pareto. Mama akiiona ataipenda, ni ua jeupe lenye moyo wa njano, dogo tu, ila likiwa shamba zima limechanua kwenye mteremko unaweza kusimamisha gari bila kupanga. Ni zao la baridi hili, bila baridi halitoi maua, utapata majani tu, ndo maana linalimwa huku juu Mufindi, Makete, Mbeya vijijini na sio kule chini. Wanachuma kwa mkono, ua likishafunguka, wanarudi shamba lile lile kila baada ya wiki mbili hivi, wanaanika juani, halafu linaenda kiwandani, na kiwanda kipo hapa hapa Mafinga. Ile sumu ya ndani ya ua ndo inawekwa kwenye dawa za kuua mbu na wadudu. Mwambie mama mwalimu aulize wenye shamba, watamweleza kila kitu, watu wa huku ukipiga hodi vizuri hawana shida. Ila usiingie shambani na kuanza kupiga picha bila kumsalimia mtu, hiyo hata kwenu Kihesa ingeleta maneno. Mnunulieni hata debe la viazi basi mtakuwa ndugu.

Chai nayo msiikose japo haina maua. Watu wanakuja mashamba ya chai wanauliza mbona hayachanui, sasa chai inachumwa kila mara vile vikonyo vya juu, itachanua saa ngapi? Ukikuta kichaka kimeachwa pembeni bila kuchumwa ndo utaona viua vyake vyeupe vyenye njano katikati. Lakini ule ukijani asubuhi na ukungu unapanda kutoka msituni, kwakweli sina la kusema, nendeni tu.

Na mkitoka Iringa, kabla hata hamjafika huku, kama kilomita 50 hivi kuna Kisolanza kando ya barabara kuu, shamba la zamani, bustani yao imetunzwa, mnaweza kunywa chai mkanyoosha miguu na kununua mboga.

fundi_bomba_IR

Naona mmemjibu kuhusu mashamba, bustani za umma je? Ngoja niseme ukweli, mkoa wetu bustani za umma ni chache na ndogo, usije ukamwahidi mama kitu ukamfikisha kwenye nyasi tatu na benchi lililovunjika. Ila Iringa mjini kuna pa kuanzia. Pale makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, najua mtashangaa namtuma mama wa watu makaburini lakini ndo sehemu iliyotunzwa kwa nidhamu, nyasi zimekatwa, maua yamepangwa kila kaburi, kimya, kivuli. Mama mwalimu atasoma na majina yale ya vita vya kwanza. Halafu makumbusho ya Boma, jengo la Wajerumani, mnaingia mnaangalia historia ya Wahehe na mikoa ya huku. Tosamaganga pia, misheni ya zamani ya Wakonsolata, miti ile mirefu na majengo ya matofali, sio bustani rasmi ila mtu akipenda mimea hatajuta.

Kuna sehemu moja sitaitaja, nilipeleka familia tukatozwa hela ya kuingia na hela ya picha juu yake, tukaingia ndani, maua yale mazuri yote ya kwenye upinde yalikuwa ya PLASTIKI. Mtoto wangu ndo aligundua, alikuwa anataka kunusa. Kwa hiyo ukiona tangazo la "bustani ya picha za harusi" uliza kwanza.

mnyiha_halisi

Mie nipo tofauti kidogo na mzee wa Uyole. Sikatai Kitulo mwezi wa sita ni bure kwa maua, ila mnaongea kana kwamba ua ni la Kitulo tu. Hakuna mwezi utakaopata vyote. Ukienda Februari umekosa kahawa na jakaranda, ukienda Oktoba na Novemba umepata hivyo umekosa okidi.

Kahawa ikichanua Mbozi, hapo ndo nawaona watu hawajui walichonacho. Inasubiri kiangazi chote vitumba vimefungwa, mvua ya kwanza ikipiga, baada ya wiki moja na siku kadhaa unaamka asubuhi shamba lote jeupe, matawi huyaoni, harufu inaingia mpaka ndani ya nyumba, tamu inakaribiana na asmini. Halafu siku mbili tatu limekwisha, linabaki kahawia. Sasa mtu wa kutoka mbali huwezi kulipanga hilo kwenye kalenda, labda uwe na shemeji Vwawa au Mlowo wa kukupigia simu. Karibu na Mbeya kuna Utengule pale upande wa Mbalizi, ni shamba la kahawa lenye lodge, mnaweza kukaa kwenye bustani yao, na mkienda mwezi wa sita mtakuta kahawa nyekundu inachumwa, sio ua lakini rangi ipo. Na mkifika Mbozi mpitie kimondo, mama mwalimu lazima alikifundisha darasani huyo.

Jakaranda za mjini mwezi wa kumi na wa kumi na moja, majani yamepukutika mti wote zambarau, chini barabara zambarau. Hiyo ni bure na haina geti.

mzee_wa_uyole

@mnyiha_halisi nakubaliana nawe kwenye kahawa, wala hatugombani. Ila yeye kaomba safari moja na mama ana umri, siwezi kumwambia asubiri simu ya shemeji. Safari moja, Kitulo ndo ya uhakika.

Kama akishindwa kabisa kusogeza likizo mpaka msimu wa mvua basi aisogeze mbele kidogo tu aje Nane Nane. Viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, mwanzoni mwa Agosti, halmashauri zote na taasisi wanaotesha vipando kwenye maeneo yao, mboga, maua, malisho, na wauza miche wanajaa. Mama atatembea kwenye njia zilizonyooka, atauliza maswali mpaka achoke, na pa kukaa papo. Kutakuwa na vumbi na muziki mkubwa, hilo nakuambia mapema.

jirani_wa_ismani

Jamani alizeti!! Mbona kaguswa tu jina akaachwa. Ismani huku kwetu, unatoka Iringa mjini unaifuata barabara ya Dodoma. Watu wakipanda mwishoni mwa Desemba na Januari, Machi imechanua, inategemea mvua ilianza lini. Mwanzoni mwa Machi unaweza kuotea alizeti na Kitulo safari moja.

Kingine, nendeni asubuhi. Alizeti ikiwa changa inazunguka na jua lakini ikishakomaa inakaa imeangalia mashariki moja kwa moja, mkienda jioni jua lipo nyuma yake mtapiga picha za visogo.

binti_kihesa

Nimesoma zote, asanteni sana wazee kwa vijana. Nimeongea na kazini, likizo imesogea mwezi wa tatu mwanzoni. Mpango ulivyo sasa: Ismani asubuhi moja, makaburi na Boma (mama kacheka sana aliposikia makaburi, kasema twende), halafu Kisolanza, Mafinga tulale, Mbeya, Kitulo kwa njia ya Isyonje na gari ya kukodi, tumalizie Tukuyu.

Sasa mama ana swali lake kaniambia niandike kama lilivyo: "Hizo okidi za Kitulo naruhusiwa kuchukua mbegu au kakiazi kamoja nikajaribu nyumbani?" Mimi nimemwambia hapana ila yeye anaamini mtu wa maua huwa anapewa.

kikondo_kwetu

Shikamoo mama. Hapana, hupewi 😄 Ni hifadhi ya taifa, hata ua lililoanguka usiokote, askari atakuwa na nyie hapo hapo.

Lakini nikuelezee kwanini maana sio sheria tu. Hizo okidi chini zina viazi, na hivyo viazi vinaliwa, ndo chikanda. Vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga na magadi kidogo mpaka inaganda unakata vipande. Wazambia wanaipenda mno, na kwa sababu kwao okidi zimepungua sana wafanyabiashara wakaanza kufuata huku, Makete, Njombe, Rungwe, mpaka zikawa zinasafirishwa kwa magunia. Kiazi kikishang'olewa mmea umekwisha, haufanani na mahindi kwamba utapanda tena msimu ujao. Hiyo ni moja ya sababu watu wa uhifadhi walipigania pale pawe hifadhi.

Na hata ungepata mbegu mama isingeota. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina chakula ndani, inategemea kuvu fulani wa kwenye udongo ule ule waiwezeshe kuota. Ukiipeleka Kihesa kwenye kopo huyo kuvu hayupo. Watu wamejaribu kuhamisha hata na udongo wake, inakaa kidogo inakufa.

wa_mufindi

Mama usihuzunike, miche ya kununua ipo njia nzima. Mafinga, Makambako, Uyole, kuna vijana wana vitalu vya miche kando ya barabara, bei mnaelewana. Ila nunueni mkiwa mnarudi sio mkiwa mnaenda, mtatembea na miche kwenye buti wiki nzima ikaungue.

dada_wa_tukuyu

Nami niongezee la Tukuyu kwa kuwa ndo mnamalizia huku. Mje na makoti ya mvua, mwezi wa tatu huku mvua haiulizi. Mpitie misheni ya Rungwe, ya Wamoravian, ipo tangu 1891, kuna miti mikubwa na utulivu. Ziwa Ngozi acheni, kule ni kupanda mlima msituni na kuna utelezi, magoti hayatakubali. Daraja la Mungu na Kijungu mnaweza, gari inafika karibu.

Maua ya kumnunulia mama Tukuyu ni haidrenjia, yale mabonge makubwa ya bluu, kwenye nyumba nyingi za zamani huku yapo yamejiotea tu mpaka watu wanayakata kama majani. Hata kununua sio lazima, mwombeni mwenye nyumba kijiti atawakatia kwa furaha, kinashika vizuri kikikaa kivulini na maji yasikauke. Ila mama ajue kitu kimoja, bluu ile inatoka kwenye udongo wetu ambao una asidi. Akiupanda Iringa kwenye udongo usio na asidi unaweza kutoa maua ya pinki, asije akasema tumempa mche mwingine.

binti_kihesa

Nimemsomea. Kasema basi achukue vijiti viwili, kimoja akipande kwenye udongo wa Kihesa na kingine tumbebee ndoo ya udongo wa Tukuyu. Konda, gari ya kukodi ina nafasi ya ndoo?

konda_wa_zamani

Ya kukodi inaishia Mbeya dada, ndoo itapanda IST. Ujaze nusu tu, kuna matuta mengi hapo Igawa na mama akae mbele.